Mkono wa Nyuma ya Pazia

Kwanza niweke mpaka. Niliyoyashuhudia mwenyewe ni machache: chupa ya kioo iliyobadilika rangi, vipande vya muhogo juu ya meko, pumzi za mtu nilizozisikia kupitia ukuta, na mkono uliojitokeza nyuma ya pazia mara mbili, kwa nyakati tofauti. Mengine yote niliambiwa. Niliambiwa habari za macho ya mgonjwa, za ndoto zake, za maneno aliyoyasema akiwa hajitambui, na za yaliyofanyika ndani ya wodi. Aliyeniambia mara nyingi ni dada yangu, na dada yangu si mwongo. Lakini ukweli wa mtu ni jambo moja, na usahihi wake ni jambo jingine. Msomaji akikuta nimeandika "nasikia" au "inasemekana", ajue kwamba pale mimi sitoi ushahidi.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilifundisha kemia ya viumbe katika chuo cha tiba. Nilipostaafu, mke wangu akiwa ameshafariki, nilirudi Lupepo kwenye nyumba aliyoiacha baba, katikati ya migomba, pale mashamba ya chai yanapoanza kupanda mlima. Vitabu vingi niliwaachia vijana wa idara. Kitu nilichokataa kukiacha ni chupa ndogo yenye kizibo cha kioo, unene wake kama kidole gumba, na ndani yake maji ya rangi ya kutu. Kizibo nilikizungushia nta kwa mkono wangu.

Maji yale ni saitokromu c, protini niliyoitenga kutoka mioyo ya ng'ombe niliyoinunua machinjioni. Nilisaga nyama, nikaikamua kwa tindikali hafifu, nikachuja, nikachuja tena, mpaka kila kisichokuwa chenyewe kikabaki nyuma. Ndoo nzima ya mioyo humalizikia katika matone machache mekundu. Wekundu huo si wa damu, maana damu ilikwisha kuoshwa. Unatokana na chembe moja ya chuma iliyoshikwa katikati ya pete iitwayo hemu. Damu nayo ina pete ya namna hiyo, ila kazi zao ni mbili tofauti: ile ya damu hubeba oksijeni, na hii hubeba elektroni.

Wanafunzi wangu niliwaeleza kwa mfano wa ujenzi wa kanisa letu. Lori halikuweza kupanda tope, basi tulijipanga kutoka barabarani hadi kwenye msingi, na kila tofali likapita mkono hadi mkono. Ndani ya kila seli vimo vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, na humo elektroni zinazotoka katika chakula hupita vivyo hivyo. Saitokromu c ni mtu wa kabla ya mwisho katika mstari. Hupokea tofali lake, husogea, humkabidhi wa mwisho. Na wa mwisho huliweka juu ya oksijeni. Pale ndipo pumzi inapofika mwisho wa safari yake. Mapafu ni mlango tu.

Ina kazi ya pili, ambayo darasa lilinyamaza kila nilipoieleza. Seli ikiharibika kupita kiasi, saitokromu c hutoka nje ya chumba chake. Haivunji kitu wala haina sumu. Kuonekana kwake mahali isipopaswa kuonekana ni habari tosha: seli huanza kujibomoa yenyewe, kwa utaratibu, kama watu wanaokunja mikeka baada ya matanga. Hiyo inayotuwezesha kuishi kwa pumzi ndiyo hiyo inayotangaza kifo, na hukitangaza kwa kutoka nje tu.

Chupa ile niliiweka katika kabati la chumba changu. Haikuchukua muda Lupepo ikapata jina: damu ya mwalimu. Inasemekana ilikuwa ya watu. Inasemekana usiku iliwaka. Mimi nililala chumba kimoja nayo, na sikuiona ikiwaka.

Sasa nieleze juu ya mke wa mwanangu, maana ndiye aliyekuwa hatarini, na habari hii yote ni yake.

Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alimwacha mke wake akae kwangu, katika nyumba ndogo iliyopakana ukuta na chumba changu. Kwa mila ya Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe. Akinikuta njiani hushuka na kujificha kwenye migomba; hajibu mbele yangu, hatamki jina langu, hupitisha maneno yake kwa mtu mwingine. Vijana wengi wameiacha mila hiyo, na wachungaji wameihubiri vibaya. Mimi sikumdai aishike. Alilelewa Igogwe na bibi yake, akaja nayo imekamilika kama mtu anavyokuja na lugha yake, nami sikuona sababu ya kumvunjia heshima aliyoichagua. Siku ya arusi alifunikwa shela zito. Mwanangu aliwahi kunielekezea simu yenye picha yake, nikaisukuma pembeni. Kwa hiyo, pamoja na kuishi ukuta mmoja naye, ukinipangia wanawake mbele yangu na kuniuliza ni yupi, sina jibu.

Ugonjwa ulianza na mafua ya msimu wa baridi, wakati ukungu wa Rungwe ukikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Mafua yalipaswa kupita. Badala yake alianza kutapika, kichwa kikamuuma, miguu ikalegea. Hayo niliambiwa. Kisha yakaja niliyoyasikia mwenyewe: pumzi.

Nilikuwa nimekaa kitandani asubuhi, ninasoma. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akihema kama anayepanda mlima kwa mbio na mzigo mgongoni. Lakini kitanda hakikulia, na hapakuwa na kikohozi. Ilikuwa pumzi safi, ya haraka, ya ndani sana, isiyofika popote. Niliweka kitabu chini. Nilijikuta ninahema kwa mwendo ule ule, nikajizuia, na nilipojizuia nikahisi kama nimemwacha peke yake.

Dada yangu aliingia na kanga begani. Ni mjane, mkubwa kwangu, naye ndiye mwenye jiko la nyumba yetu.

"Kaka, anasema hewa imekwisha ndani."

"Hewa haiishi. Fungua dirisha."

"Nimefungua mpaka paka kahama kwa baridi. Nimemtoa nje, akakaa kwenye ukungu ule, bado anasema haifiki. Tena anasema kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Anasema kuna mtu anahema pamoja naye."

Nilijua ni nani aliyekuwa akihema pamoja naye dakika ile, lakini dada alisema malalamiko hayo yalianza tangu juzi.

Tulijaribu kumpigia mwanangu. Simu yake haikupatikana, alikuwa safarini mpakani. Adhuhuri alikuja jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu tuliyechunga naye ng'ombe. Alijifuta tope mlangoni kwa muda mrefu, dalili kwamba amekuja na neno.

"Ugonile, mwalimu," alisalimu.

"Ndaga. Kaa. Sema ulilokuja nalo."

"Hata chai hujanipa, unataka maneno! Haya. Watu wananong'ona. Mkeo tulimzika vizuri, tukakubebea jeneza kwenye mvua. Ukarudi hapa na kiinua mgongo chako. Ng'ombe hatukumwona. Hata jogoo hatukumwona. Labda alipita usiku."

"Nilitoa mchango wa kanisa."

"Kanisa halina meno, mwalimu. Sisi tunayo, ingawa mimi nimebaki na machache." Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Hii ni imbepo. Wewe unaijua."

Naijua. Wazee wetu walishika kwamba jirani wakimnung'unikia mtu kwa haki, mnong'ono wao hugeuka baridi, na baridi hiyo huingia katika mwili wa mtu wa nyumba ile, ikamzimisha kutoka ndani. Vilevile walishika kwamba baba mwenye hasira moyoni humdhuru aliye chini yake, hata asipofungua kinywa. Dawa ya yote mawili ni moja: mwenye nyumba hutamka kinyongo chake waziwazi, kisha hupuliza maji.

"Ni nani anayenong'ona?" nilimuuliza. "Nitajie mmoja."

"Imbepo haina jina. Ukimwuliza upepo jina lake, utajibiwa na mlango."

"Na mimi sina hasira na mwanamke yule. Nitatamkaje nisichokuwa nacho? Huo ni ushahidi wa uongo."

"Basi tamka kwamba huna," alisema. "Hilo nalo ni gumu?"

Alipoondoka nilifungua kabati kuchukua miwani, maana ile ya kusomea niliikanyaga kwa kuinuka haraka. Hapo ndipo nilipoiona chupa.

Haikuwa na rangi ya kutu. Ilikuwa na rangi ya waridi, nyekundu iliyo hai, kama ufizi wa mtoto.

Niliipeleka dirishani. Nta ilikuwa nzima, na alama ya kidole changu niliyoiacha ilipokuwa ya moto ilikuwepo. Najua kinachofanya saitokromu c igeuke waridi: ni kupokea elektroni na kukosa wa kumkabidhi. Darasani niliifanya kwa tone la vitamini C, na wanafunzi walipiga makofi. Chupa iliyofungwa haipokei tone. Vijidudu vilivyojificha ndani kwa miaka vingeweza kufanya hivyo; hilo ni jambo linalowezekana, sikuliona. Sisemi kwamba chupa iliniambia kitu. Nasema niliiona, kisha nikafikiri, na nilichofikiri kilikuwa hiki: mstari wa matofali uliosimama. Kila mtu ameshika lake mikononi, mwenye mikono ya mwisho amefungwa kamba, na wa kabla yake amebaki amesimama na tofali ambalo hakuna anayelipokea.

Ipo sumu inayofunga mikono ile. Ni sianidi. Aliyepatwa nayo huvuta hewa, hewa ikaingia, damu ikaibeba mpaka mlangoni mwa kila seli, na mlangoni haipokelewi. Mtu huzama akiwa nchi kavu. Na damu yake hurudi na oksijeni yake yote, nyekundu kama ilivyokwenda.

Nilimwita dada.

"Kucha zake zina rangi gani?"

"Kucha? Mtu anakufa unauliza kucha?"

"Zina rangi gani?"

"Za kawaida. Nzuri. Ana rangi nzuri kabisa, ndiyo maana nilisema atapona."

"Nzuri" si rangi. Mtu anayehema vile, kucha zake zilipaswa kuwa na rangi ya anga la mvua. Nilimwambia nataka kuona mkono wake.

Dada alishika kiuno. "Gwe! Umezeeka sasa. Kumwona mkweo?"

"Mkono. Si uso."

"Mkono ni mtu!"

"Mila inataja uso na jina. Juu ya mkono sijasikia neno."

"Hujasikia kwa sababu hakuna baba mkwe aliyewahi kuwa na wazimu wa kuuliza."

Lakini alikwenda. Nasikia mgonjwa alikataa mara mbili, kisha akauliza: "Baba amesema ni lazima?" na dada akajibu, "Baba yako amesema ni lazima, na akikosea nitamchapa mimi." Niliitwa. Mlango wa nyumba ndogo ulikuwa na pazia la kitenge, na kitanda kilikuwa nyuma yake, karibu. Nilisimama kizingitini na kutazama chini. Ukungu uliingia pamoja nami. Pumzi zile sasa hazikuwa na ukuta mbele yake. Kitenge kilivutwa ndani na kusukumwa nje kila alipohema, kana kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ikihema.

Mkono ulitoka. Ulikuwa wa kushoto, maana alikuwa amelalia ubavu wa kuume. Kwenye shina la kidole gumba kulikuwa na kovu la panga, lililopinda kama mundu. Uligeuka kiganja juu, polepole, ukatulia hewani bila kushikwa na mtu.

Kucha zilikuwa nyekundu. Mistari ya kiganja ilikuwa myekundu. Ilikuwa ile ile rangi niliyotoka kuiona dirishani.

Sikuugusa. Nilisema, na haya yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu aolewe: "Sina neno nawe, mwanangu. Moyoni mwangu hakuna kitu."

Pumzi zikasimama. Kitenge kikaning'inia. Sijui zilisimama kwa muda gani. Najua nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba, moja baada ya jingine, na sikupenda kuyasikia kwa uwazi ule. Kisha kitenge kikavutwa ndani tena.

Wekundu wa kucha ni ishara dhaifu. Nimewaonya wanafunzi wasiitegemee peke yake. Baridi nayo hudanganya, na hewa ya jiko la mkaa hudanganya zaidi. Chumbani mwake hamkuwa na jiko la mkaa; nilimwuliza dada, na harufu yake ningeijua. Basi nilitafuta ishara ya pili. Niliingia jikoni, mahali ambapo mwanamume wa umri wangu haingii bila kuitwa.

Juu ya meko yetu kuna uchaga wa fito. Huku kwetu ukungu haumruhusu mtu kuanika kitu juani, kwa hiyo mahindi yote hukaushwa kwa moshi hapo juu. Pembeni mwa mahindi niliona vipande vyeupe vilivyoshika masizi.

"Hii ni nini?"

"Muhogo. Lori la Kyela lilipita, nikabadilishana na mkungu wa ndizi. Muhogo mkubwa, mweupe! Nikaukata, nikaukausha, nikasaga na mahindi kidogo. Uji wake mzito, unampa nguvu."

"Uliuloweka?"

"Niuloweke kwa nini? Mvua hii yote, nikaushe kitu halafu nikitie tena maji?"

Hili ni kosa la watu wa ndizi. Kule bondeni, Kyela, hata mtoto anajua kwamba muhogo mchungu hulazwa majini mpaka ulainike na kunuka, ndipo uanikwe, maana maji ndiyo huondoa sumu. Sisi wa mlimani tulizaliwa chini ya mgomba. Muhogo kwetu ni kama kiazi kilichorefuka. Tunaufanyia tunavyofanyia mahindi, na moshi hukausha muhogo lakini hauondoi kilichomo.

Nilivunja kipande, nikatafuna. Mwanzo kilikuwa na ladha ya moshi. Kisha uchungu ukaja nyuma ya ulimi na kubaki. Nikatema mekoni. Hilo nalishuhudia kwa ulimi wangu.

"Hakuuona uchungu?"

"Namtilia maziwa na sukari."

"Anaunywa lini?"

"Anapozidiwa." Dada alianza kusema polepole. "Asubuhi. Akilegea, namwongezea. Jana alipolegea sana nilimkolezea."

"Nani mwingine anayeunywa?"

"Wewe unakula ndizi zako. Mimi uji sinywi, uji ni wa wagonjwa." Alitazama uchaga, kisha sufuria iliyokuwa pembeni mwa moto, imefunikwa, ikimsubiri mgonjwa. Akakaa juu ya kigoda. "Basi ni mimi."

"Ni muhogo," nilimwambia. "Mwaga huo uji mahali ambapo kuku hawafiki."

Gari tulilikodi kutoka Ibighi. Mwenye gari ni kijana wa watu wa pwani, babu yake alikuja na biashara ya nguo, naye hana muda na mila zetu lakini anaziheshimu kama mtu anavyoheshimu mbwa wa jirani. Nilikaa mbele. Mgonjwa aliingizwa nyuma, amefunikwa vitenge mpaka kichwani, dada akimshika. Kioo cha dereva kilikuwa kinatazama nyuma, na nikiinua macho ningemwona.

"Kijana, geuza kioo hicho."

"Mzee wangu, hiki ndicho jicho langu la kisogoni."

"Kigeuze upande wako."

"Nikigongwa nyuma, utalipa?"

"Na ukungu huu unaona nini nyuma?"

Alicheka, akakigeuza. "Haya, sasa sote tunatazama mbele tu, kama mchungaji na wazee wake."

Barabara ilikuwa nyeupe. Migomba ilijitokeza pembeni, mmoja mmoja, kama watu waliokuja kutazama, kisha ikafutika. Nyuma yangu pumzi ziliendelea. Nilizihesabia mwendo wa gari: tukipanda zilipanda, tukishuka hazikushuka. Dereva aliacha utani. Tulipokaribia Igogwe, pumzi zikanyamaza.

Sikugeuka. Hata sasa siwezi kusema ilikuwa adabu au ilikuwa woga, shingo ilikataa.

"Dada," nilisema. "Yupo?"

Vitenge vilichakacha.

"Dada. Yupo?"

"Yupo," alisema.

Maisha yangu yote nimekataa kuamini jambo kwa neno la mtu mmoja pale ambapo mimi sikuwepo. Dakika ile nilikuwepo, nikiwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono, na sikuwa na kitu kingine cha kushika isipokuwa neno hilo.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Nilimweleza kwa kifupi: uji wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa, kutapika, kuhema, kucha nyekundu.

"Umemwona mgonjwa, babu?"

"Nimeona mkono."

"Mkono tu?"

"Wa kushoto."

Alinitazama kidogo, kisha akakimbia. Sikuingia wodini. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikasikia magurudumu ya mtungi wa oksijeni yakipita sakafuni. Nasikia walimtia dripu. Nasikia dawa waliyompa inampa mtu wa mwisho katika mstari wa matofali nafasi ya kufunguliwa mikono. Nasikia alizinduka na kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Hayo yote yana busara, yanafanana na vitabu, na sikuyaona.

Alirudi nyumbani siku ya jua, jambo la nadra wakati ule. Mimi nilikwenda shambani makusudi ili apite kwa amani. Dada alikwisha kuubeba muhogo wote na kuufukia. Mwanangu alipopatikana kwenye simu alilia, akacheka, akaahidi ng'ombe; mimi sikumsubiri, nikanunua wangu. Na ng'ombe huyo aliliwa na jirani wote, mzee wa kanisa akitafuna kwa meno yake machache. Sikumnunua kwa sababu ya imbepo. Nilimnunua kwa sababu walibeba jeneza kwenye mvua, na hilo nililiona.

Lakini midomo haikushiba. Siku chache baadaye dada alikuja chumbani, akafunga mlango.

"Wanasema aliyerudi siye."

"Nani wanasema?"

"Sauti yake imekuwa nzito. Anatembea akijishikilia. Wanasema yule alikwisha pale njiani, ulipouliza kama yupo. Dereva amesimulia Ibighi nzima. Kilichorudi ni mgomba uliovikwa sura."

"Wewe ulimshika mwenyewe garini. Wewe unamwona kila siku. Ni yeye?"

"Ni yeye, kaka." Akageukia mlango. "Ila na mimi usiniulize ulivyoniuliza siku ile garini."

Mtu aliyenusurika sumu ile anaweza kutoka na sauti nzito na miguu isiyo na nguvu. Hilo ni jambo la kawaida katika vitabu. Nilimweleza dada hivyo, naye akaitikia kama mtu anavyoitikia hotuba.

Dada alipotoka, nilifungua kabati. Nta ilikuwa nzima, na alama ya kidole changu ilikuwa mahali pake. Ndani, maji yalikuwa na rangi ya kutu. Kwamba yaligeuka waridi nina maelezo dhaifu. Kwamba yalirudi bila kuguswa na hewa sina maelezo kabisa, na kutokuwa na maelezo hakunipi ruhusa ya kutunga.

Jumapili iliyofuata dada alikuwa kanisani. Nyuma ya ukuta palikuwa kimya, kimya cha namna ambayo mtu aliyezoea pumzi zile hawezi kukivumilia. Nilichemsha maziwa, nikayatia kikombe cha bati, nikaenda hadi kizingitini pa nyumba ndogo. Nilikohoa kama inavyopasa. Pazia halikutikisika.

"Ni maziwa," nilisema, nikitazama chini.

Kisha mkono ukatoka nyuma ya kitenge. Ulikuwa wa kulia, kama adabu inavyotaka kwa mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake. Kovu lile lilikuwa la mkono wa kushoto. Nilitambua hilo pale pale, nikiwa bado nimeshika kikombe. Na nilijua kwamba kwa neno moja ningeweza kuuomba ule mwingine, na kwamba nikiuomba, nitakuwa nimemwambia kwa kinywa changu kile wanachonong'ona.

Sikuuomba.

Kucha zake zilikuwa za rangi ya hudhurungi iliyopauka, zenye ukingo mweupe, rangi ya mtu. Zilipokibana kikombe zilipauka, zilipolegea rangi ilirudi, polepole, kutoka pembeni kwenda katikati. Mkono uliingia nyuma ya pazia. Nilisikia mtu akinywa. Kisha kikombe kilirudi mikononi mwangu, nacho kilikuwa kitupu, na bado kilikuwa na joto.